Waya wa Pili

Saa nne asubuhi, Ibra, mwezi wa sita,
na picha ya klachi bado inashuka kwenye kioo
utepe kwa utepe, kama mtu anayevua kanzu kwa haya.
Mteja wa kutoka Sinaw keshakunywa vikombe vitatu vya kahawa,
keshatikisa kikombe, yatosha,
na klachi haijafika kiunoni.

Wiki hii nimewapigia kampuni mara sita.
Zima. Hesabu thelathini. Washa.
Nimezima. Nimehesabu kwa Kiarabu, nikarudia kwa Kiswahili,
maana thelathini ya Kiswahili ni ndefu zaidi.
Haikusaidia.
Isogeze ruta mbali na mikrowevu.
Hili duka la vipuri, mwanangu, mikrowevu itoke wapi?
Tuna betri mia na themanini na panya mmoja.
"Laini yako ni ya biashara," akasema yule binti, sauti asali,
"inastahili megabiti kumi na sita."
Inastahili. Hata mimi nastahili mengi.
Napata moja na robo,
na jioni hata hiyo robo huaga ikaenda kulala.

Leo wamemleta Sajith, mtu wa Kollam,
shati limemganda mgongoni, Kiarabu chake cha mjengoni.
Ruta hakuitazama.
Aliinua mkonga wa simu ya mezani,
akabonyeza namba moja kuunyamazisha mlio,
akanipa: sikia.
Nikasikia kama mtu anakaanga dagaa chumba cha tatu.
"Laini nzima," akasema, "haisemi kitu."

Akatoka juani. Akafungua kisanduku cha ukutani,
akafukuza nyigu wawili, akapima, akatikisa kichwa.
Shaba ya barabarani haina kosa.
Kosa limo ndani.
Akafunga kwenye waya kijidude kinacholia kama kifaranga,
tukakifuata, yeye mbele mimi nyuma,
kupita mikanda ya feni, kupita makopo ya oili,
hadi mlango ambao sijaufungua mwaka wa nne huu.

Simu ya baba. Rangi ya maziwa yaliyolala.
Imechomekwa, haina kichujio,
na waya wake umetafunwa mpaka shaba inachungulia.
(Panya mmoja, nilisema. Niliwahi kumhesabu vizuri?)

Kila Ijumaa baada ya sala shangazi Shinuna alipiga kutoka Wete,
na baba alisimama, hakupata kuketi,
akapaza sauti mtaa mzima usikie nani kaoa, nani mgonjwa,
nani kauza shamba na kwa bei gani ya kijinga.
Aliamini maneno husukumwa.
Alipokufa tuliwaarifu benki, baladia, msikiti.
Simu hatukuiambia.

"Huu unakunywa nusu ya laini yako," Sajith akasema,
koleo mkononi. "Nikate?"
Dukani, mteja akakohoa.
Nikasema ngoja.
Nikaweka mkonga sikioni, ukanuka vumbi na udi wa zamani.
Dagaa wale wale, kwa karibu zaidi.
Sijui nilitegemea nini.

Kata.

Alikata mara moja, sauti ndogo, ya ukucha.
Akazifunga ncha kwa utepe mweusi, taratibu,
kama anayemfunga mtoto kidole,
kisha akapima, akanionyesha: kumi na moja na nukta nne.
"Kumi na sita je?"
"Kumi na sita," akasema, akipangusa jasho, "iko kwenye tangazo."

Picha ya klachi ikaja yote kwa pigo moja,
inang'aa, jino kwa jino, bei na namba yake.
Mteja akainama, akaitazama kwa makini.
"Siyo hiyo," akasema.
Ya kwangu ni ya mwaka wa nyuma yake.